Jinsi ya kupiga hesabu ya hasara ya ulevi na unga katika mtaa wako

Kwenye mikutano ya mtaa, habari ya walevi na mateja, yaani waraibu wa unga (heroini), huliliwa tu, haihesabiwi. Mmoja atasimama aseme vijana wameisha, mwingine ataomba doria ziongezwe, mzee atakumbusha enzi zake, halafu mwenyekiti atafunga kikao na kila mtu atarudi kwake. Ajenda inayofuata ni mfereji au taa za barabarani, na hiyo inapata fungu kwa sababu imekuja na makadirio ya fundi.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Tandika, Temeke. Kazi hiyo imenizoesha kuuliza shilingi imetoka wapi na imekwenda wapi. Tulipoitumia akili hiyohiyo kwa ulevi, kilichojitokeza si kile ambacho wengi wetu tulikitarajia. Pesa anayopewa muuza gongo au muuza kete (kipimo kidogo cha unga), ile tunayoipigia kelele, ndiyo safu ndogo. Safu kubwa ni kazi ambayo haikufanyika, na sehemu nzuri ya kazi hiyo ni ya watu ambao hawajawahi kuonja tone.

Huhitaji kuwa mchumi. Tafuta daftari la kaunta, kikokotoo cha simu, kalamu mbili, ya buluu na nyekundu, na watu wawili watatu wasio na umbea. Mmoja wao awe mwanamke mtu mzima anayeingia nyumba za watu bila kushtuliwa. Kazi ya kalamu mbili nitaieleza, maana ndiyo roho ya hesabu yote.

Mipaka kwanza

Usihesabu mtaa mzima kwa kukisia. Chukua mashina mawili au matatu ambayo mabalozi wake mnaelewana, nyumba ambazo mnaweza kuzipitia kwa miguu mkamaliza. Mwaka mmoja ndio kipimo. Waulize watu habari za mwezi uliopita, halafu zidisha kwa 12, kwa sababu hakuna anayekumbuka mwaka mzima. Lakini mwezi wenyewe uchague kwa akili. Ukihesabu Ramadhani hapa kwetu utakuta mtaa mtulivu, vilabu vimefungwa mapema, na utadhani tumepona. Ukihesabu Desemba utadhani tumekwisha. Agosti au Oktoba itakupa picha ya kawaida.

Kisha kubalianeni mnamhesabu nani. Hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibika. Anayekunywa bia mbili Jumamosi akaamka Jumapili akaenda kanisani si mtu wa daftari hili. Tazama Kenya: utafiti wa taifa wa NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 ulikuta kwamba mtu 1 katika kila 8 wa umri wa miaka 15 hadi 65 anakunywa pombe, lakini aliyefikia uraibu ni 1 katika kila 20. Ukimwandika kila mnywaji kuwa mraibu, umezidisha hasara zaidi ya mara mbili kabla hujaanza, na mtu wa kwanza mwenye akili kwenye kikao atakuaibisha.

Sisi tuliuliza mambo matatu. Je, amejaribu kuacha akashindwa? Je, kuna kazi, masomo au biashara iliyosimama kwa sababu hiyo? Je, kuna kitu cha nyumbani kilichouzwa au kuwekwa rehani? Mawili yakiwa ndiyo, anaingia.

Majina msiandike. Andika herufi na namba, na ufunguo wa herufi hizo akae nao mtu mmoja. Na kamwe msiulize unga unauzwa wapi wala nani anauza. Siku mtakapouliza hilo mmegeuka watoa taarifa, milango itafungwa, na pengine mtahatarisha maisha yenu. Hilo lina watu wake.

Kalamu ya buluu na kalamu nyekundu

Buluu ni pesa iliyohama mfuko. Nyekundu ni mali au kazi iliyokufa, ambayo hakuna mtu yeyote aliyeipata.

Nichukue wizi wa mita za maji, maana kila mtu hapa anaufahamu. Kijana aliyebanwa na arosto, yale maumivu ya kukosa unga, anang'oa mita alfajiri kwa sababu ya ile shaba iliyomo, anaipeleka kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Tuseme anapata shilingi 5,000. Sasa ingia ndani ya ua. Mita mpya, viungio na fundi, tuseme 90,000. Mpaka ifungwe ni wiki mbili, na nyumba hiyo inanunua madumu kumi kwa siku, 300 kila dumu: 3,000 mara siku 14 ni 42,000. Jumla familia imepoteza 132,000.

Katika hizo, 5,000 zimehama mfuko. Andika kwa buluu. Zilizobaki 127,000 andika kwa nyekundu. Muuza maji kapata, ni kweli, lakini naye kasukuma mkokoteni kutwa kufanya kazi ambayo bomba lingeifanya lenyewe. Kwa hiyo ili mtu mmoja apate elfu tano ya kuzima arosto ya asubuhi moja, mtaa umeteketeza zaidi ya mara 25 ya kiasi hicho. Wale wanaosema "mwizi kala, mwenzetu kafaidi" wafunguliwe ukurasa huu. Ni hivyohivyo kwa waya wa shaba, mfuniko wa chemba, na betri ya taa ya sola.

Kazi iliyopotea

Hii safu ipe kurasa nyingi kuliko nyingine zote.

Anza na fundi. Tuseme ni fundi ujenzi wa 25,000 kwa siku, na kila Jumatatu haonekani saiti. Siku nne kwa mwezi ni 100,000, kwa mwaka 1,200,000. Wengi wanaishia hapo. Lakini fundi hajengi peke yake. Yupo saidia fundi aliyedamka, akapanda daladala, akafika saiti, akakaa juu ya tofali akisubiri mtu asiyekuja. Yeye ni 15,000 kwa siku: 60,000 kwa mwezi, 720,000 kwa mwaka. Hanywi. Pengine hata soda hanywi. Lakini ulevi wa fundi umemla.

Swali gumu linafuata, na usilikwepe: ile kazi ilisimama kweli, au alichukuliwa fundi mwingine? Dar es Salaam mafundi ni wengi. Kama mwenye nyumba alimpigia mwingine na saa tatu ukuta ukaendelea, basi nchi haikupoteza ukuta. Familia ya fundi wa kwanza imepoteza, familia ya pili imepata. Hiyo ni buluu. Nyekundu ni pale tu zege liliposubiri na saidia fundi akarudi nyumbani mikono mitupu. Mwulize saidia fundi, siyo fundi. Atakueleza bila kuzungusha.

Usisahau aliyefika kazini akiwa bado na mning'inio, uchovu wa pombe ya jana. Kaandikwa jina kwenye daftari la mahudhurio, lakini kazi ya nusu siku kaimaliza kwa siku nzima, na ukuta umepinda. Mwulize msimamizi angemlipa kiasi gani kama angelipa kwa kazi badala ya kwa siku. Tofauti yake ndiyo unayoiandika.

Kwa mtumiaji wa unga, acha dhana ya kwamba hafanyi kitu. Kaa stendi asubuhi moja uone: wanaopiga debe, wanaoosha magari, wanaobeba mizigo sokoni, wanaookota chupa na vyuma. Teja anahangaika kuliko wafanyakazi wengi wa ofisini, kwa sababu arosto haina likizo. Basi usiandike kwamba amepoteza mshahara wote. Tafuta alikuwa nani kabla: dereva, mshona viatu, mwanafunzi wa ufundi wa umeme. Chukua kipato cha mwenzake aliyeanza naye kazi siku moja, toa kile anachopata leo stendi. Kilichobaki ndicho hasara.

Kisha njoo kwa mama. Ukimuuliza baba wa nyumba kama kumhudumia kijana kuna gharama, atakujibu hakuna, mama yake yupo. Ndiyo maana nilisema chukueni mwanamke mtu mzima. Asiulize "unatumia muda gani kumhudumia?" Swali hilo halijibiki. Aulize: "Shoga, wiki hii genge ulilifunga saa ngapi, na kwa nini?" Hapo yanatoka. Jumanne alifunga saa kumi kwa sababu kijana kaokotwa Mbagala. Alhamisi hakufungua kabisa, alikuwa kituo cha polisi na kitambulisho mkononi. Usiku anakesha mlangoni asije akatoka na televisheni. Bei yake ni faida ya genge iliyokosekana siku hiyo. Tuseme anafunga mapema mara mbili kwa wiki na kila mara anakosa 4,000: kwa wiki nne ni 32,000, kwa mwaka 384,000. Kama hana biashara, tumia anacholipwa dada wa kazi kwa saa zilezile. Usiandike sifuri kwa sababu tu hakuna aliyemlipa.

Pesa ya kilevi chenyewe

Tuseme yule fundi anakunywa gongo ya 2,000 kwa siku, siku 25 za mwezi. Ni 50,000, kwa mwaka 600,000. Linganisha na 1,200,000 yake, 720,000 ya saidia fundi, na 384,000 ya mkewe, tukichukulia naye ana genge kama la yule mama. Ndiyo maana nilisema safu hii ni ndogo, japokuwa ndiyo inayoonekana.

Ila hapa gongo na unga haviendi pamoja. Pesa ya gongo inabaki mtaani. Mama anayepika anaweza kuwa jirani yako, na pengine ada ya mtoto wake imetoka kwenye pipa hilo. Pombe ile ni haramu kisheria, na siku ikipikwa vibaya inapofua au kuua, lakini kipato chake kipo, na hesabu ya haki itamwandika kwa buluu. Ukija na hoja ya kufunga pipa lake bila kujua atakula nini, atalihamishia mtaa wa pili.

Heroini hailimwi Temeke. Inatoka Afghanistani, inashushwa pwani ya Irani na Pakistani, inapakiwa majahazini na kuvuka Bahari ya Hindi mpaka huku. Pusha wa mtaani anabaki na kidogo, sehemu kubwa inapanda juu na kutoka nje ya nchi kabisa. Kwa hiyo bei ya kete, kwa sehemu yake kubwa, ni nyekundu, maana kwa mtaa na nchi ni kama imekufa. Ni kama kuagiza bidhaa kutoka nje ambayo ikifika haijengi, haivaliki, hailiki.

Bia na pombe kali za kiwandani zina neno lao: kodi. Lazima atatokea mtu kikaoni aseme serikali inapata ushuru na VAT ya asilimia 18, mwache mlevi achangie taifa. Mjibu kwa upole kwamba kodi ni pesa iliyohama kutoka mfuko wa mnywaji kwenda hazina. Haikuzaliwa. Halafu mkumbushe kwamba serikali hiyohiyo ndiyo iliyopiga marufuku viroba, zile pakiti ndogo za plastiki za pombe kali, kuanzia Machi 1, 2017, ikijua wazi kuna kodi itakayokosekana. Vile vilikuwa vinatoshea mfuko wa kaptula ya mwanafunzi.

Hospitali, ajali, polisi

Safu hii inakwenda haraka, kwa sababu risiti zipo. Andika nauli, vipimo, dawa, siku za kulazwa na siku za aliyekaa kitandani kumwangalia. Kwa wanaojidunga, uliza habari ya kifua kikuu, VVU na homa ya ini, lakini muulizaji awe mtu wa afya au mwelimishaji rika, si wewe na daftari lako. Bodaboda aliyelewa akagongana na mwenzake aliye mzima: wote wawili wanaingia, na pikipiki zote mbili. Kesi: siku za mahakamani na dhamana. Hongo nayo ni buluu, ukipata wa kukuambia.

Yasiyo na bei

Yapo ambayo tuliamua kutoyawekea shilingi. Mtoto aliyeacha shule darasa la sita akalee wadogo zake. Binti aliyeolewa haraka ili atoke kwenye nyumba ile. Waliokufa. Wataalamu wana namna ya kuyapa bei, na wakifanya hivyo jumla inapaa sana. Sisi tuliyaorodhesha kwa idadi tu, ukurasa wa mwisho, bila pesa. Nilishauri hivyo kwa makusudi: siku utakapotaja bei ya marehemu mbele ya mama yake, hakuna atakayesikiliza namba nyingine.

Kujumlisha bila kuhesabu mara mbili

Hapa mweka hazina yeyote wa kikundi atakuwa na faida. Mwanachama wetu hakuleta rejesho la mwezi kwa sababu mumewe alichukua pesa kwenye kikopo, 50,000, akaenda nayo kilabuni. Umeshaiandika kwenye pesa ya gongo. Ukiandika tena 50,000 kwenye mikopo iliyokwama, umehesabu noti ileile mara mbili. Unachoruhusiwa kuongeza ni kile kilichotokea baadaye: faini, hisa zake zilizokatwa, na mwenzake aliyekosa mkopo wa mtaji msimu ule kwa kuwa mfuko ulikuwa mtupu. Kila tarakimu iulize, "wewe nimeshakuandika wapi?"

Andika jumla mbili, ya chini na ya juu. Ya chini ina yale mliyoyaona kwa risiti au mashahidi wawili. Ya juu ina yote mliyoambiwa. Mkisimama mbele za watu, tetea ya chini.

Kisha jipime. Marekani, ambako risiti za kila kitu zipo, kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilikadiria kwamba unywaji wa kupindukia uliigharimu nchi hiyo dola bilioni 249 mwaka 2010. Asilimia 72 ya hasara hiyo ilikuwa ni kazi iliyopotea. Matibabu yalikuwa asilimia 11, polisi, mahakama na magereza asilimia 10, ajali za magari 5. Mtaa wenu hautalingana nao. Lakini ukikuta safu ya hospitali imeizidi safu ya kazi, ujue kuna watu hamjawauliza. Mara nyingi ni wanawake na masaidia fundi.

Upande wa pili wa ukurasa: tiba

Hasara peke yake itawafanya watu wagune tu. Ukurasa wa kushoto ukijaa, geuza kulia uandike gharama ya kutibu.

Kwa unga, hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa inayoshika nafasi ya heroini na kuzuia arosto, mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke yetu, na leo mikoa kadhaa ina kliniki. Dawa ni bure. Mgonjwa anainywa palepale dirishani, mbele ya mhudumu, kila siku. Basi gharama iliyobaki kwa familia ni nauli. Tuseme 600 kwenda na 600 kurudi: 1,200 kwa siku, 438,000 kwa mwaka. Kwa mtu anayeanza kutulia na hajapata kazi, hiyo ni pesa nzito, na akikosa nauli siku kadhaa anarudi kijiweni. Sasa weka 438,000 mkabala na hasara ya mita nne tu za maji zilizong'olewa, kwa hesabu tuliyoifanya mwanzoni: 127,000 mara nne ni 508,000.

Kwa pombe, tiba haina dirisha moja. Lakini jambo hili liandikeni kwa herufi kubwa: mlevi wa miaka mingi asifungiwe chumbani aache ghafla. Anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na wapo wanaokufa. Apelekwe hospitali, aeleze amekunywa kwa muda gani na kiasi gani, aachishwe chini ya uangalizi. Nyumba za upataji nafuu, zile soba hausi, hutoza kwa mwezi. Kabla familia haijauza kiwanja kulipia, waulizeni kuna muuguzi, na kijana akitoka anafuatiliwa na nani.

Kikaoni

Peleka ukurasa mmoja. Juu weka jumla ya chini ya nyekundu. Chini yake weka kile mnachoomba, na kiwe kidogo na cha kutekelezeka. Sisi tuliomba mfuko wa nauli kwa wanaokwenda kliniki, ukitunzwa na kikundi na si na mtu mmoja, na barua ya mtendaji ili waliotulia waingizwe kwenye vikundi vya vijana vinavyoomba mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Hatukuomba doria. Walioitaka waliiomba wenyewe, hiyo ni haki yao.

Mwambie mwenyekiti mapema usome wewe, asisome mtu mwenye hasira. Usitaje nyumba. Hata mfano wa fundi na mkewe ubadilishe kazi zao, awe dereva na mkewe awe mshonaji, maana mtaani watu hujuana kwa ishara ndogo. Atakayesimama kusema "huyo ni fulani" akatizwe hapohapo.

Baada ya mwaka rudieni kwenye nyumba zilezile. Angalieni kalenda kabla ya kupanga mwezi, kwa sababu Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mkilinganisha mwezi wa kawaida na mwezi wa mfungo, mtajipongeza bure.